Kukinga Mvua

Mvua ni riziki isiyochagua mlango. Huangukia paa la tajiri na paa la maskini kwa kipimo kimoja, wala haiulizi nani ana hati ya kiwanja na nani hana. Lakini ikisha kugusa ardhi, usawa huo hukoma. Maji hutafuta mahali palipo chini, na katika miji yetu walio chini kwa ardhi aghalabu ndio walio chini kwa mali. Hivyo kitu kilichoshuka kutoka mbinguni kwa usawa hugawanywa duniani kwa dhuluma. Na mgawaji wake si wingu, ni mtu.

Swali ninalotaka kuliuliza ni jepesi kwa maneno, zito kwa maana. Maji ya mvua yaliyoanguka juu ya paa langu, yakisha kutoka nje ya ua wangu, je, bado yanihusu? Watu wengi hulijibu swali hili kwa vitendo kabla ya kulijibu kwa ulimi. Husakafia ua mzima, huchimba mfereji mpaka barabarani, na maji yakipita lango husema kuwa yamekwisha. Nadai katika insha hii kwamba hayajaisha. Mtu aliyeifunika ardhi isinywe ana deni kwa maji aliyoyafukuza. Maji huvuka lango, deni hubaki nyumbani.

Yafaa tuanze na jinsi maji yaendavyo, maana hukumu isiyojua tabia ya kitu hupotea njia. Ardhi iliyoachiwa majani na miti yake ni mnywaji mwenye subira. Jani hupokea tone na kulichelewesha. Takataka za majani makavu hulizuia lisikimbie. Mizizi na minyoo imekwisha kulitobolea njia. Nalo huzama pole pole mpaka liifikie mishipa ya visima. Kinachobaki baada ya ardhi kushiba ndicho kitiririkacho. Ifunike ardhi ile kwa bati, saruji na lami, utakuwa umeifunga kinywa. Mvua haikuzidi hata tone moja, bali mtiririko umezidi sana, tena wafika bondeni upesi na kwa wakati mmoja. Mto uliozoea kuletewa maji yake kidogo kidogo sasa huletewa yote kwa mkupuo, kama mchukuzi aliyetwishwa mizigo ya msafara mzima.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi paa la mita za mraba 200, likinyeshewa milimita 50 katika siku moja ya masika, humwaga lita 10,000. Hizo ni ndoo 500 za lita 20. Hakuna muungwana awezaye kusimama juu ya ukuta wake akamwaga ndoo 500 katika nyumba ya jirani. Mikono ingechoka, na kabla ya mikono kuchoka uso ungeona haya. Lakini paa humfanyia kazi hiyo hiyo bila kuchoka na bila haya, naye amelala. Vitendo hivi viwili vyatofautiana nini? Katika kimoja aibu yaonekana; katika cha pili imefichwa na umbali. Na umbali, kwa kadiri nijuavyo, haujapata kuwa hoja ya haki. Ni pazia tu.

Mji wa Dar es Salaam watuonyesha jambo hili bila pazia. Mwaka 1967 ulikuwa na watu wasiotimia 300,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huo watu zaidi ya 5,300,000. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita Vingunguti, Tabata na Kigogo, huikata Barabara ya Morogoro penye Jangwani, kisha huingia baharini penye Daraja la Salenda. Kila nyumba iliyojengwa juu ya miinuko inayoumwagia mto huo imetia maji yake katika fungu moja. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha kwa siku tatu; watu zaidi ya 40 walikufa, maelfu walikosa mahali pa kulala, na wengi wa waliohamishwa bondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali na soko na mbali na kazi zao. Tangu hapo barabara ile imefungwa mara nyingi kwa sababu ya maji, na mahali paitwapo Jangwani hugeuka ziwa. Hiki ni kichekesho, lakini hukichekea mtu ambaye godoro lake ni kavu.

Tukio la namna hii twaliita maafa, na mara nyingine twaliita kazi ya Mungu. Sina ugomvi na mtu anayemtaja Mungu katika msiba; moyo uliovunjika hutafuta pa kuegemea. Lakini nina ugomvi na mtu anayemtaja Mungu ili asitajwe yeye. Mvua hutoka mbinguni. Mafuriko, kwa sehemu kubwa, hutoka mitaani. Kati ya tone liangukalo na mtoto achukuliwaye na maji kuna paa, kuna ua, kuna mfereji, kuna bwawa lililofukiwa, kuna kibali kilichotiwa sahihi. Mambo hayo yote yana wenyewe. Kuyaruka yote na kwenda kumshitaki mawingu ni kumwita mahakamani shahidi ambaye twajua hatakuja.

Wazo la kwamba maji ya mvua yaweza kuwa shitaka baina ya jirani na jirani si jipya. Warumi wa kale walikuwa na dai la kisheria la kuzuia maji ya mvua, na asili yake hurejeshwa katika Sheria za Mbao Kumi na Mbili, za karibu mwaka 450 kabla ya Kristo. Maana yake ilikuwa hivi: shamba la chini lazima livumilie maji yanayolijia kwa maumbile ya ardhi, lakini mwenye shamba la juu akifanya kazi ya mikono inayoyazidisha maji hayo, au inayoyaharakisha, au inayoyageuza njia, jirani aweza kumtaka aiondoe kazi hiyo. Tazama jinsi mizani hii ilivyo sawa. Haimwambii wa chini kuwa hatapata maji kamwe, wala haimwambii wa juu kuwa asijenge. Yasema tu kwamba mzigo wa maumbile ni wa wote, bali mzigo wa mikono ni wa mwenye mikono. Dai hilo lilihusu mashamba zaidi kuliko nyumba za mjini. Lakini kama shina la mtama lilistahili ulinzi huo, kitanda cha mgonjwa chastahili zaidi.

Pwani yetu nayo haikosi mizani yake. Sheria ya Kiislamu, iliyokaa hapa karne nyingi, ina msingi mashuhuri kwamba mtu asidhuru, wala dhara lisilipwe kwa dhara. Kwa msingi huo mali ya mtu ni yake mpaka pale inapoanza kuwa madhara ya mwenziwe. Wala si lazima mtu awe mwanasheria ndipo ajue haya. Katika mitaa ya zamani mtu aliyeelekeza mlizamu wa paa lake kwenye mlango wa jirani aliitwa, akasemwa, akaugeuza. Mji ulipokua, mlango wa jirani ulisogea mbali mpaka hauonekani. Wajibu nao ukadhaniwa umesogea.

Dai hili lina wapinzani, na yafaa wasikilizwe, kwani hoja isiyopingwa ni kama ngoma isiyowambwa: haina sauti.

Wa kwanza husema: Maji yangu ni kidogo. Ningeyazuia yote, mto usingepungua hata unene wa unywele. Hakuna aliyekufa kwa maji yangu. Hoja hii ina nguvu kwa sababu kila sehemu yake yaonekana kweli. Lakini ikiwa ni kweli kwa mmoja ni kweli kwa kila mmoja, na mwisho wake tutapata mto uliojaa maji yasiyo na mwenyewe na maiti zisizo na muuaji. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu alichokitoa mwaka 1984, alitoa mfano wa watu wanaokufa kwa kiu jangwani. Watu elfu moja, kila mmoja akiwa na painti moja ya maji, waweza kuyatia maji yao katika gari moja la kupelekwa kwa wale wenye kiu. Mchango wa mtu mmoja, ukigawanywa kwa wote, hautambulikani kinywani. Je, kwa hiyo mtu huyo hana sababu ya kuchangia? Parfit alijibu kuwa anayo. Kosa ni la hesabu zetu za maadili, zinazopima tendo moja peke yake kana kwamba halina ndugu. Mfano wake uugeuze, ndio mji wetu. Pale maji machache ya wengi yaliponya. Hapa maji machache ya wengi hugharikisha. Wahenga walikwisha kufunga hesabu hiyo waliposema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Twaipenda methali hiyo tunapoweka akiba. Haki yataka tuikumbuke pia tunapomwaga.

Mpinzani wa pili husema: Aliyejenga bondeni alijitakia mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Kwa nini basi nimhurumie aliyeivunja? Nakubali kwamba bonde ni njia ya maji, na anayelala njiani hujihatarisha. Lakini yako mambo matatu ya kutazama. Kwanza, watu wengi hawakulichagua bonde kama mtu achaguavyo kanzu dukani. Walisukumwa huko na bei ya ardhi na haja ya kuwa karibu na Kariakoo au mahali pengine pa kibarua. Pili, bonde walilolijia miaka mingi iliyopita silo bonde la leo. Mto umepanuka kwa maji ya paa zilizojengwa baada yao, na nyumba iliyokuwa mbali na maji imefuatwa na maji. Tatu, na hili ndilo kubwa, kosa la mtu halimpi mwenziwe ruhusa ya kumwongezea dhara. Mlevi aliyelala barabarani ana hatia ya kulala pale. Dereva hapati kwa hatia hiyo haki ya kumkanyaga. Sheria hupima mita za mtu wa bondeni kutoka mtoni. Ni haki pia tupime lita za mtu wa mlimani kuelekea mtoni.

Mpinzani wa tatu husema: Hii ni kazi ya serikali; ijenge mifereji mikubwa. Kweli serikali ina kazi yake, wala insha hii haikusudii kuiondolea mzigo na kuutua juu ya raia. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza bonde la Msimbazi, na kazi ya namna hiyo hakuna kaya iwezayo kuifanya. Lakini fikiri mfereji wa zege ni nini. Ni njia ya kuyaondoa maji hapa upesi ili yafike kule upesi. Ni fikira ile ile ya mwenye ua uliosakafiwa, iliyokuzwa ikawa na bajeti. Mji ukijenga mifereji tu, huuhamisha msiba kutoka mtaa hata mtaa mpaka uufikie mtaa usio na wa kuusemea, na hapo husema kazi imekwisha.

Neno moja la lugha yetu laweza kutufundisha njia nyingine. Mtu akiweka ndoo chini ya mchirizi wa paa, twasema anakinga maji. Mtu akiinua mkono pigo lisimfikie, twasema pia anakinga. Kitenzi kimoja hubeba maana mbili, kupokea na kuzuia; na katika jambo la mvua maana hizo mbili ni tendo moja. Mwenye kuyapokea maji nyumbani kwake amelizuia dhara lisiende kwa mwenziwe. Ndoo yake ni ngao ya mtu asiyemjua. Wenyeji wa pwani waliokinga mvua kwa mitungi na mabirika walifikiri zaidi juu ya kiu yao kuliko gharika ya jirani, lakini walitenda mema mawili kwa mkono mmoja. Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ina birika la kuhifadhi maji ya mvua mpaka leo. Walioogopa kuzingirwa na adui walijua thamani ya tone. Sisi tuliozingirwa na bomba hulifukuza tone getini, kisha mwezi wa kiangazi tukalinunua kwa mwenye gari la maji.

Njia za kukinga zajulikana, na nyingi ni za unyenyekevu. Mlizamu, au gata kama wasemavyo mafundi, hupeleka maji ya paa katika tangi lililofunikwa vema ili mbu wasizaliane. Ua waweza kuachiwa ukoka na miti, au kutandikwa kokoto na matofali yenye nafasi za kupitisha maji. Bustani yaweza kuchimbwa iwe chini kidogo ya uso wa ua, ipokee maji yaliyofurika na kuyanywa baada ya mvua kukatika. Shule, chuo, msikiti, kanisa na soko vyaweza kuwa na mabwawa ya muda katika viwanja vyao vya michezo. Mji waweza kuyaacha mabwawa yake ya asili yakae, badala ya kuyafukia leo na kuyalilia kesho. Wala deni hili lisipimwe kwa vichwa, maana mwenye chumba kimoja na mwenye ghala hawalingani. Lipimwe kwa ardhi iliyofunikwa. Miji mingi ya Ujerumani hufanya hivyo: mwenye nyumba hulipa ada ya maji ya mvua kwa kadiri ya mita alizozifunga, na anayezifungua hupunguziwa. Ada hiyo, zaidi ya kuwa fedha, ni hukumu ya kimaadili iliyoandikwa kwa tarakimu.

Haifai, hata hivyo, kuisifu dawa kupita nguvu zake. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu na uso, kama sehemu nyingi za pwani, ardhi hushiba upesi. Mahali ambapo visima na vyoo vya shimo vimekaribiana, maji yazamayo yaweza kuchukua uchafu, na hapo tangi ni bora kuliko shimo. Na iko mvua ambayo hakuna bustani iwezayo kuimeza. Mji wa Zhengzhou nchini China ulikuwa miongoni mwa miji iliyojengwa kwa nia ya kunyonya maji kama sponji. Lakini tarehe 20 Julai 2021 zaidi ya milimita 200 zilinyesha huko katika saa moja, na mamia ya watu wa jimbo lake walikufa katika gharika ya siku hizo. Wako waliosema kuwa hilo lathibitisha kwamba kukinga ni bure. Mimi naona lathibitisha jambo dogo zaidi: ngao haikingi kila mshale. Askari hatupi ngao kwa sababu hiyo. Mvua nyingi za masika na za vuli si za Zhengzhou, na madhara mengi ya bondeni huletwa na mvua za kawaida zilizofanywa kuwa kubwa na mji wenyewe.

Tena hali ya hewa ya dunia inabadilika. Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, na mvuke huo ukishuka hushuka kwa nguvu zaidi. Basi deni letu kwa jirani wa bondeni linakua hata kama hatuongezi bati moja. Hii ni sababu ya kuanza kulilipa mapema, maana deni la maji lina riba ya maji.

Insha hii itasomwa zaidi na watu wa vyuo, na vyuo vyetu aghalabu hujengwa juu ya vilima. Tumezoea kudhani kuwa kilima ni heshima: pahali pa upepo mzuri, utulivu na mtazamo wa mbali. Lakini kilima ni daraka pia. Kila tone linaloanguka juu ya madarasa, maktaba na mabweni litakwenda mahali, na mahali hapo pana watu. Mwanafunzi aandikaye tasnifu juu ya haki chini ya paa lisilo na tangi anaandika chini ya swali. Anaweza kulijibu bila kungoja shahada. Masika yajayo yatapima paa la kila mtu kwa usahihi kuliko mpimaji yeyote, na yatapeleka hesabu yake chini bila kukosea anwani. Aliye juu na akinge kadiri ya paa lake, ili aliye chini alale kadiri ya uchovu wake.